Urefu wa Ua wa Haddrell

Jiwe lilikuwa limeshachongwa. Hilo ndilo lililomchoma Letitia Haddrell kuliko yote: kwamba Clive, mtoto wa mdogo wake, alikwenda hadi mjini Timaru akaagiza jiwe la kijivu la kimo cha mtu, akalipakia kwenye lori lake la kondoo, akalilaza nyuma ya ukumbi wa Otumoa chini ya turubai, na baada ya yote hayo ndipo akakumbuka kumwuliza shangazi yake alichokiona. Huko ni kula karamu ya harusi kabla ya kuposa.

"Limeandikwaje?" alimwuliza asubuhi ile, wakiwa garini.

"Ambrose Haddrell. Mtu wa kwanza duniani kuruka kwa mashine yenye injini. Machi 1903." Clive aliyatamka kana kwamba sherehe imeshaanza.

"Machi."

"Machi, Shangazi. Mzee Tulloch ameapa Machi, Mzee Carmody ameapa Machi. Wale ndugu wawili wa Marekani hawakuruka mpaka Disemba. Tumewaacha miezi tisa! Hapo mwanamke ameshika mimba na kujifungua."

Alijichekea mwenyewe. Letitia alitazama nje, kondoo walikuwa wamejikusanya kwenye kona ya malisho wakiukwepa upepo wa kusini.

"Kazi yako leo ni ndogo tu," Clive aliendelea. "Bwana Pym, yule mwanasheria wa Wellington, atakusomea ushahidi, utasema ndiyo, utaweka sahihi. Chai, skonzi, nyumbani."

"Na akiniuliza swali je?"

"Mjibu kama walivyojibu wenzako." Alipunguza mwendo wakivuka daraja, na sauti yake ikashuka pia. "Shangazi, nakuomba. Watu wote wa Otumoa wapo pale leo. Usije ukaniangusha."

Letitia alikuwa na miaka sabini na mitano, na katika dunia nzima alikuwa amebaki yeye peke yake aliyekuwa ndani ya shamba siku ile ya mashine. Tulloch na Carmody walikuwa watoto wa shule, walichungulia kutoka barabarani. Yeye alikuwa ameshika bawa. Bila sahihi yake, Clive angebaki na wazee wawili ambao hata jina la mbwa wao wa utotoni wanabishania.

Lakini naye aliitaka siku hii, kwa sababu zake. Ambrose, kaka yake, alichukua miaka minne kuijenga mashine ile kwenye banda la kukatia sufu. Fremu ilikuwa ya fito, mabawa ya kitambaa alichokishona Letitia mwenyewe, injini ya mabomba ya pampu ya maji aliyoyakata kwa mkono. Otumoa ilimpa jina la Ambrose Mabawa, na halikuwa jina la mapenzi. Alipozeeka akawa anaishi peke yake kwenye kibanda mwisho wa shamba, akigombana na majirani, akimwambia kila apitaye kwamba yeye aliwahi kwenda juu.

Mwaka 1933 Stanley, mdogo wao, baba yake Clive, alimleta daktari. Daktari alikuwa mtu mpole. Alimwuliza Letitia pale jikoni, Ambrose mwenyewe akiwa ameketi mezani: "Kaka yako anasema aliwahi kuruka angani. Ni kweli, au ni mawazo ya ugonjwa?" Stanley alikuwa ameshamwandaa usiku uliotangulia. Neno moja tu, Letty, kwa faida yake mwenyewe, atapata pa kupumzika, na ardhi itapata mwangalizi. Letitia akasema, "Ni mawazo tu, daktari." Ambrose hakupiga kelele. Alimtazama mara moja, akaenda kuchukua kofia yake. Alikaa miaka kumi na minane katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafia humo.

Tangu siku hiyo Letitia alikula na aibu ile na kulala nayo. Kwa hiyo leo alitaka jambo moja: aseme mbele za watu, na iandikwe, kwamba kaka yake aliruka na yeye aliona. Ila hiyo Machi ilikuwa ya uongo. Alijua. Krismasi alijaribu kumwambia Clive, naye akampigapiga bega akasema, "Ni umri, Shangazi."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kina mama walikuwa wamepanga sahani zao za keki mezani, kila mmoja akitazama kwa jicho la pembeni sahani ya nani inaisha kwanza. Waliokuwa wakimcheka Ambrose, au watoto wao, walikuwa wamekaa viti vya mbele.

Pym aliketi nyuma ya meza yenye faili nene na mhuri. Alikuwa mwanasheria mstaafu aliyewahi kuendesha ndege za vita, mwenye mamlaka ya kuapisha watu, aliyetumwa kutoka Wellington na chama cha wanahistoria wa mambo ya anga. Aligeuza kichwa upande kila mtu aliposema.

"Sema kwa nguvu, Bi Haddrell. Sikio hili lilibaki kwenye injini," alisema. "Na kabla hatujaanza nikwambie kitu. Wafaransa wana mtu wao aliyeruka kwanza. Wabrazili wana wao. Kuna Mjerumani mmoja kule Connecticut, Marekani kwenyewe. Kila nchi ina mjomba wake aliyewatangulia Wamarekani. Faili zote hizo nimezisoma, na zote zinafia mahali pamoja. Shahidi anaongeza kidogo kwa mapenzi, watu wa upande wa pili wanakuta ile ziada, wanaichana, na pamoja nayo wanachana hata yale ya kweli. Anayebaki kuchekwa ni marehemu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi wenzako wamesema hivi." Alifungua faili. "Mashine ilitoka kwenye malisho ya mtoni, ikaenda hewani, ikapinda kushoto, ikakaa juu ya ua wa miti ya miiba wa shamba lenu. Bwana Tulloch anasema ua ulikuwa na urefu wa futi tisa."

"Kumi," Tulloch alisema kutoka kiti cha mbele.

"Jana ulisema tisa."

"Jana sikuwa nimelala vizuri."

"Kumi na mbili!" Carmody alidakia. "Mimi nilisimama chini yake. Tulloch alikuwa nyuma analia, kamasi hizi hapa."

"Nani alikuwa analia? We Carmody, wewe ndiye uliyejikojolea!"

Watu wakacheka. Mama mmoja akapaza sauti kwamba wakiachiwa hadi saa nane ua utafika mawinguni. Pym naye alitabasamu, lakini kalamu yake haikucheka na mtu.

"Mimi ni mtu wa mjini," alisema. "Nimepita leo barabara nzima ya Otumoa, na kila ua niliouona umekatwa, unanifikia kifuani. Ni hivyo siku zote?"

"Siku zote!" Tulloch alijibu kwa fahari. "Huku kwetu ikifika Pasaka ua haujakatwa, watu wanauliza mwenye shamba amekufa lini."

"Na wa Haddrell?"

"Mzee Haddrell? Ohoo! Yule alikuwa anakata kwa kupimia kamba, futi nne kamili. Kila mwaka. Ukiweka yai juu haliviringiki."

Wakulima waliokaa upande wa dirishani walitazamana, kisha na wengine. Clive, aliyekuwa amesimama karibu na birika kubwa la chai, alishika ukingo wa meza. Naye alikuwa mkulima, ua wake mwenyewe aliukata wiki mbili zilizopita.

Letitia aliona kwamba wameelewa. Wazee hawa hawakuwa waongo. Walimpenda marehemu kwa kuchelewa, kama watu wengi, na kila walipotaka kumpandisha juu zaidi, waliurefusha ua. Hawakujiuliza ua wa mzee mkali kama baba yake ungewezaje kurefuka hata futi moja. Kwa kumpandisha Ambrose walikuwa wamemwondoa kwenye mwaka 1903, mzee alipokuwa bado hai.

"Basi sielewi," Pym alisema polepole. "Ua wa futi nne kila mwaka. Lakini siku ya mashine, futi tisa, kumi, kumi na mbili. Kwa nini?" Akageuza sikio lake zima kwa Letitia. "Bi Haddrell, ua ulikuwa na urefu gani?"

"Chai!" Clive alisema kwa sauti kubwa mno. "Bwana Pym, samahani, shangazi yangu ni mtu mzima, tumpe chai kwanza."

Alimshika mkono, akampeleka kwenye kona nyuma ya birika. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alimpa kikombe cha chai.

"Futi nne," alinong'ona. "Sema futi nne, Shangazi. Wazee wametia chumvi, kila mtu anajua wanatia chumvi. Ua ulikuwa mfupi, ilikuwa Machi, yamekwisha."

"Haukuwa mfupi."

"Nani atakupinga? Uliyebaki ni wewe tu!"

"Ndiyo maana."

"Unataka jina lake waendelee kulidhihaki? Baba Mkubwa aliitwa kichaa maisha yake yote, na leo nampa jiwe. Mimi! Hakuna mwingine aliyejishughulisha." Macho yake yalikuwa yamelowa, na Letitia aliona kwamba hakuwa anaigiza. "Neno moja tu, Shangazi. Nakuomba neno moja tu."

Letitia aliweka kikombe chini.

"Baba yako naye aliniomba neno moja," alisema. "Nikampa."

Clive hakuelewa, na hakupewa nafasi ya kuuliza. Shangazi yake alikuwa ameshageuka anarudi mezani, anatembea wima. Aliogopa. Aliwaogopa watu hawa aliokaa nao tangu kuzaliwa, ambao kesho angewakuta dukani. Zaidi aliogopa kwamba akifika kwenye neno lenyewe sauti ingekataa kutoka.

"Ua ulinipita kichwa," alisema. "Futi saba, pengine nane. Kumi na mbili hapana, Carmody."

"Letty..." Carmody alianza.

"Tulia, wewe ulishasema. Bwana Pym, ua ulikuwa mrefu kwa sababu baba yangu alikufa. Kaburi lake liko nyuma ya kanisa, unaliona kutoka dirisha lile. Februari 1904. Pasaka ya mwaka ule hakuna aliyekata ua, mama hakutaka mtu auguse. Na baba alipokuwa hai mashine haikutoka bandani, aliikataza, alisema itawatisha kondoo wenye mimba. Ambrose aliitoa Oktoba. Oktoba 1904."

Ukumbi ulivuta pumzi. Tulloch alikuwa anatikisa kichwa. "Ilikuwa Machi! Tulikuwa shambani kwa viazi, nakumbuka viazi!"

"Mlikuwa na viazi, ndiyo. Mlikuwa mnapanda, Hector Tulloch, kama kila Oktoba. Hamkuwa mnachimba."

Mzee alifikiri. Ilionekana wazi usoni mwake jinsi alivyokwenda huko nyuma, akainama, akatazama mkononi mwake amebeba nini.

Pym aliandika muda mrefu. "Sasa niambie ulichoona. Na unisaidie neno. Watu wa huku wanasema aliruka. Panzi naye huruka. Kuku akifukuzwa huruka. Je, mashine ilijirusha ikaanguka, au ilipaa?"

"Nilishika bawa la kulia," Letitia alisema. "Nilikimbia nalo mpaka sketi ikanifunga miguu, nikashindwa, nikawa bado nimeshika. Halafu bawa likanitoka mkononi. Sikuliachia. Lilitoka lenyewe, kuelekea juu. Nilianguka kwa magoti, na nilipoinua uso niliona nyasi za upande wa pili chini ya magurudumu. Yote matatu. Ilikwenda, bwana. Ilikuwa inapiga kelele na kutoa moshi na inakwenda. Baadaye nilipima kwa miguu yangu, hatua tisini. Ilikuwa juu ya kichwa cha mtu. Kisha ikapinda kushoto, na Ambrose alikuwa anavuta usukani kulia, nilimwona, anavuta kwa nguvu zote na yenyewe haimsikilizi. Ikakaa juu ya miiba."

"Kwa hiyo ilipaa, lakini hakuiongoza."

"Mwenyewe alisema hivyo hivyo. Alikuwa juu kule, damu inamtoka kila mahali, anacheka. Akasema, 'Letty, imenipeleka, sijaipeleka. Mwakani nitaipeleka mimi.' Nilimtoa miiba siku mbili kwa sindano ya kushonea soksi. Mwakani haikufika, pesa ziliisha."

Pym aliweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu asiyependa kazi yake.

"Bi Haddrell, lazima niulize kwa ajili ya kumbukumbu. Oktoba 1904 ni miezi kumi baada ya Wamarekani. Hakuwa wa kwanza."

"Hakuwa."

Kiti kilianguka nyuma. Carmody alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Umemzika ndugu yako mara ya pili, Letty. Hadharani!"

"Jiwe lipo nje!" Clive alisema. "Shangazi, jiwe lipo pale nje, limeshaandikwa! Nitalifanya nini?"

Watu wengine walianza kusema pamoja, kina mama waliamka kana kwamba chai imemwagika mahali. Mtu wa nyuma alisema waziwazi kwamba bibi huyu amechanganyikiwa, damu ya Haddrell ni ile ile. Letitia alilisikia hilo. Lilimpiga kifuani, na ajabu ni kwamba lilimpa nguvu.

"Sijamaliza," alisema. Hawakumsikia. Akaigonga meza ya Pym kwa kiganja, mhuri ukaruka. "Nimesema sijamaliza!"

Kina mama waliosimama wakaketi tena.

"Andika, Bwana Pym. Mwaka 1933 daktari alikuja nyumbani kwetu. Aliniuliza kama kaka yangu aliwahi kuruka, au ni ugonjwa. Kaka yangu alikuwa ameketi mezani, mbali kidogo kuliko ulivyo wewe na mimi. Nikasema ni mawazo tu. Mimi niliyeshika bawa. Mimi niliyemtoa miiba." Alisubiri kalamu ya Pym imfikie. "Walimchukua kwa neno langu. Siku za kumtembelea nilikuwa nakwenda na keki, nazungumzia hali ya hewa, na yeye kwa adabu ananijibu hali ya hewa. Miaka kumi na minane. Hakuwa mgonjwa wa hilo. Pengine alikuwa na mengine, sikatai, alikuwa mgumu kuishi naye. Lakini hilo lilikuwa kweli, na niliyelijua ni mimi."

Clive alikuwa amemkazia macho. Sasa alikuwa ameelewa ni neno gani shangazi yake aliloombwa na Stanley. Aliokota kile kiti cha Carmody, akakisimamisha, akakikalia mwenyewe kama mtu aliyeishiwa miguu.

Pym aliandika mpaka mwisho. Aliigeuza karatasi upande wa mwanga, akaisoma yote kwa sauti, kuanzia kifo cha baba, ua, Oktoba, hatua tisini, miiba. Alipofika kwenye habari ya jikoni na daktari alisita, akaishusha sauti, ingawa kwa mtu kiziwi kushusha sauti ni kazi bure, kila mtu alisikia.

"Mama," alisema kwa upole, "hiki kipande cha mwisho si cha ndege. Faili hii itasomwa London na Washington. Hakiongezi kitu kwenye tarehe, wala kwenye hatua tisini. Naweza kukifuta sasa hivi, kwa mstari mmoja, na hati yako itabaki safi."

Alikuwa ameshainamisha kalamu. Letitia aliuweka mkono wake juu ya karatasi, vidole vyote vitano, juu ya maneno yale ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

"Kiache," alisema. "Mengine yote ungeweza kuyapata makaburini. Hiki ndicho nilichokuja kuapa."

Akaomba kalamu. Aliandika jina lake lote, taratibu, vidole vikiwa vimechafuka wino, na Pym akapiga mhuri.